Mtandio Mwekundu wa Gakii

Mwaka wa 1966, alipofikisha miaka sitini, Gakii aliacha kuvaa gauni lake la kijivu. Alikuwa Mmeru, mchuuzi wa miraa mjini Isiolo, mjane wa mwalimu wa dini, na tangu mumewe afariki hakuna aliyemwona na rangi nyingine.

Ilianza kwa mzaha. Jirani yake Gumato, Mborana wa rika lake aliyeuza maziwa, alimfunika mtandio wake wa rangi ya machungwa, akampaka wanja na kumshikia kioo. Gakii alicheka hadi wanja ukamtiririka mashavuni. Kesho yake akajinunulia mtandio wake mwenyewe, mwekundu, wenye nyuzi za kung'aa. Akaongeza shanga kubwa shingoni. Akawa anapita sokoni akiimba, akiwaambia wazee kwamba anatafuta mchumba mwenye meno yote.

Mwanawe Mutembei, karani wa serikali, alikuja mbio.

"Mama, toa hiyo kitu. Hujui kuna vita? Watafikiri wewe ni mtu wa shifta."

"Bibi wa miaka sitini?"

"Si mchezo, Mama. Watu wanapotea."

Gakii alijua si mchezo. Malori ya askari yalipita kila siku yakielekea Ngaremara kuwasaka shifta, waasi wa porini ambao wengi wao walikuwa Wasomali, na mengine yalirudi yamefunikwa turubai. Hata hivyo alisema, "Nimevaa kama mtu wa matanga miaka kumi na moja. Nimechoka."

Alhamisi moja asubuhi askari walizingira mtaa. Watu walitolewa majumbani wakapelekwa uwanjani. Wameru na Waturkana waliambiwa wasimame kushoto. Waborana na Wasomali waketi kulia, mchangani. Askari mmoja aliutazama mtandio wa Gakii, akamsukuma kulia.

Neno moja la Kimeru lingetosha. Alifungua mdomo alitamke, ndipo akamwona Gumato ameketi, amekumbatia magoti yake. Akanyamaza, akaenda akaketi kando yake.

"Una wazimu?" Gumato alinong'ona. "Nenda kwa watu wako."

"Nikienda, nani atakuchekesha?"

Jua lilipanda. Baadaye afisa alifika, na nyuma yake karani wa kuandika majina. Alikuwa Mutembei. Alimwona mamake, uso ukamkauka, akainamia karatasi zake. Gakii hakumwita. Ilimuuma, lakini kijana alikuwa na watoto wanne wa kulisha.

Afisa alisimama mbele ya Gumato. "Huyu ndiye anapeleka maziwa porini."

"Mimi nauza sokoni tu," Gumato alijibu kwa sauti ndogo.

"Mpandisheni lori."

Gakii aliinuka. Aliutupa mtandio begani kama mtu anayekwenda arusini.

"Afande, hiyo maziwa tunakunywa sisi, nusu ya soko. Kama sisi ndio pori, basi tupande wote."

Mtu alicheka, kisha akakatiza kicheko ghafla. Afisa hakucheka. Aliushika mtandio, akauvuta hadi ukapasuka.

"Wewe ni nani? Msomali?"

"Kwani nimependeza hivyo?"

Afisa aliinua fimbo.

"Ni mama yangu!"

Mutembei alikuwa ametoka mbele. "Ni mama yangu, bwana. Na huyo mwingine namjua tangu nikiwa mdogo. Hata sisi ofisini tunakunywa maziwa yake."

Afisa alimkazia macho karani, kisha fimbo ikashuka taratibu.

"Wewe nitakuandikia ripoti," alisema, akasogea kwenye mstari uliofuata. Kutoka hapo wanaume sita walipandishwa lori, na mmoja wao alikuwa Diba, kaka yake Gumato. Alirudi baada ya miezi saba, amekonda, asiyetaka kuulizwa lolote. Wanawake waliachiliwa saa kumi jioni. Gakii na Gumato walitembea hadi nyumbani wameshikana mikono.

Wiki moja baada ya msako huo Mutembei alipata barua ya uhamisho. Alipokuja kuaga, gari la kazi likimngoja nje, alimkuta Gumato akimpaka mamake hina viganjani.

"Utaendelea tu, Mama? Hata wakirudi?"

"Hata wakirudi. Na usidhani siogopi. Usiku silali." Akamnyooshea mkono. "Lete kidole."

"Mama, nasafiri na wakubwa."

"Kidogo tu."

Nje honi ililia. Mutembei alitazama mlango, akamtazama mamake, kisha akatoa kidole cha mwisho. Gumato akapaka ukucha kwa uangalifu, huku midomo ikimchezacheza kwa mara ya kwanza tangu Diba achukuliwe.

Mutembei alitoka akiwa amekiinua kidole hewani, kisiguse shati lake jeupe.