Mabawa Mekundu ya Mkwe

Mzee Gichovi wa Gachoka alikuwa na vitu viwili ambavyo hakutaka mtu avichezee: upinde wake, na heshima yake mbele ya wakwe. Vitu hivyo viliishi pamoja miaka mingi bila kugombana. Viligombana siku Kobia alipokuja kutoka Mitunguu na mikungu ya ndizi na kifuko kidogo.

Kobia alikuwa baba yake Kiunga, kijana aliyemwoa Nelius, binti ya Gichovi. Alilima ndizi kwa maji ya mfereji, akauza vizuri, akanunua simu kubwa kama kigae cha bafu. Tangu hapo hakukuwa na jambo asilolijua. Alimfundisha daktari wa mifugo kuchanja ng'ombe na akamweleza mchungaji wake namna ya kufupisha mahubiri. Siku hiyo, wazee wa pande zote mbili wakiwa wameshiba mbuzi, alisimama na kukifungua kile kifuko.

"Mkwe wangu," alisema, "nasikia siku ya utamaduni wewe ndiye unayewapigia watu wa hapa mshale. Nikajiuliza, mtu mkubwa hivi ataendelea kubandika manyoya ya kuku kwenye mikia ya mishale mpaka lini? Nimekuagizia haya."

Akamwaga mezani mabawa madogo ya plastiki, mekundu kama pilipili, yamekatwa sawasawa kama kucha za bibi harusi.

"Hayalowi, hayaliwi na mende, na jogoo wa mama Nelius atapumzika. Dunia nzima inatumia haya!"

Wazee wakapiga makofi. Gichovi akayapokea kwa mikono miwili, akainama, akasema hajawahi kupewa kitu kizuri namna hiyo. Angesema nini tena? Mtu unaweza kumkosoa ndugu yako. Unaweza kumkosoa chifu. Hata mkeo unaweza kumkosoa, ukiwa umekaa karibu na mlango. Lakini mkwe humwambii kwamba zawadi yake haifai. Ukimwambia, umemwambia pia kwamba huko kwake binti yako alikoolewa hakuna akili.

Asubuhi iliyofuata aliyabandika kwenye mishale, akasimama nyuma ya nyumba na kulenga boga.

Upinde wake ulikuwa kipande kimoja cha mti, hauna kidude chochote cha kuegemeza mshale. Mshale ulipita juu ya ngumi yake ukijikwaruza kwenye mti wa upinde. Unyoya ukifika pale hulala, hupita, kisha husimama tena, kama mtu mwenye adabu anayeinama mlangoni. Plastiki haikujua kuinama. Ilifika pale ikagonga upinde, mkia wa mshale ukatupwa kando, na mshale wenyewe ukaenda kushoto kama ulioitwa na mtu. Haukugusa boga. Ulitoboa sketi ya mkewe, Kaari, iliyokuwa imeanikwa.

"Baba Nelius! Hiyo ni ya kanisa!"

"Si mimi. Ni mkwe."

Akapiga mwingine. Kushoto. Akapiga mwingine. Kushoto tena, palepale, sketi ileile.

"Si umwambie tu hayafai?" Kaari alisema, akiitazama sketi yake kwenye mwanga. "Ana masikio."

"Nimwambie mkwe? Wewe umeamka vizuri kweli?"

"Basi mwambie Mwalimu Stephen upinde apewe Gitari."

Hapo ndipo alipomchoma. Mwalimu Stephen alikuwa mwenyekiti wa kamati ya siku ya utamaduni, na alikwisha kusema wazi kwamba mwaka huu kila mpiga mishale atapiga miwili kwenye gogo la mgomba, na asiyelipata hata mara moja atampisha kijana na kumwachia upinde. Kijana mwenyewe alikuwa Gitari, mtoto wa ndugu yake Gichovi, dereva wa bodaboda, ambaye alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Gichovi aliupokea upinde huo kutoka kwa baba yake. Kuutoa kwa sababu ya uzee angeweza, siku moja huko mbele. Kuutoa kwa sababu ya plastiki, hapana.

Kwa hiyo akafanya mpango wake kimyakimya. Akamkamata yule jogoo, akamng'oa manyoya, yote ya bawa moja kama inavyotakiwa, akatengeneza mishale miwili mizuri na kuificha kwenye podo, mfuko wake wa mishale, katikati ya ile yenye mabawa mekundu. Kobia atakaa mbali, kwenye hema la wageni. Ataona nini?

Ila Kobia hakwenda moja kwa moja kwenye hema. Siku yenyewe alifika nyumbani asubuhi kwa gari, amevaa tai, akachukua podo kutoka begani kwa Gichovi kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo mkwe wangu habebi kitu. Mimi ndiye nitakayekubebea." Akachungulia ndani. "Ee! Umesahau kutoa hii mizee." Akaichomoa mishale ya manyoya, akampa Kaari. "Mama Nelius, hii utawashia moto."

Kaari akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mlima.

"Asante, mkwe wangu," alisema Gichovi. "Macho yangu siku hizi."

Uwanja ulikuwa umejaa. Gogo la mgomba lilisimamishwa upande wa mbali. Kushoto kwake palikuwa na kibanda cha Mbarak, mchinjaji, nyama zikining'inia na moshi ukiwaita watu. Kulia kwake palikuwa na hema la wageni: mgeni rasmi kutoka mjini, wakuu wa hiki na kile, na Kobia katika kiti cha mbele akiwaeleza wote kuhusu plastiki.

Gitari alipiga kwanza. Mshale wake wa kwanza ulipita juu, wa pili ukashika gogo kwa chini. Watu wakapiga kelele.

"Ankoli, njoo sasa tuone hizo rangi!" alisema, akirekebisha miwani.

Gichovi akasimama. Akalenga katikati ya gogo, kwa sababu alikuwa mtu wa matumaini, akaachia. Bawa likagonga upinde. Mshale ukageuka kushoto, ukazama kwenye paja la mbuzi kibandani kwa Mbarak.

"Mzee!" Mbarak alipiga kelele. "Huyo tulishamchinja!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Stephen akaandaa uso wa huruma. Gitari alikwisha kunyoosha mkono kidogo, kama mtu anayesubiri chenji.

Gichovi akachukua mshale wa pili. Kichwa kilimwambia jambo dogo: mshale huu ni mkaidi, lakini ukaidi wake ni mmoja. Sketi ilitobolewa palepale kila mara. Basi kama unakwenda kushoto kwa kiasi hicho kila siku, mtu atalenga kulia kwa kiasi hicho. Akahesabu kwa jicho. Akageuka kulia. Akaona mahali anapopaswa kulenga.

Lilikuwa hema la wageni. Hasa nguzo ya mbele, karibu na mgeni rasmi.

Akainua upinde.

Ilichukua muda mfupi kwa wageni kuelewa. Mtu mmoja alisema, "Huyu mzee anaangalia wapi?" Kisha kukawa na kishindo cha viti. Mgeni rasmi alijitupa chini na soda yake, wakuu wakamfuata, kila mmoja akitafuta mwenzake wa kujificha nyuma yake. Mwalimu Stephen aliingia chini ya meza ya zawadi akipiga kelele, "Mzee Gichovi! Gogo! Gogo ni lile!"

Kobia peke yake alibaki kitini, miguu amekunja, anatabasamu. Alimwamini mkwe wake, na zaidi aliiamini plastiki.

Gichovi akaachia. Bawa likagonga, mkia ukatupwa, mshale ukaiacha nguzo na kukata kushoto, ukagota katikati ya mgomba, maji yakachuruzika.

Uwanja ukalipuka. Hata Mbarak alikuwa anaruka, kisu mkononi.

Kamati ilikaa hapohapo, mgeni rasmi akijipangusa soda. Mwalimu Stephen alitoka na majani kwenye nywele akasoma uamuzi. Mzee Gichovi amelipata gogo, kwa hiyo upinde unabaki wake. Lakini kwa usalama wa wageni, kuanzia leo mabawa ya plastiki hayatatumika tena katika uwanja huu. Ni manyoya peke yake.

Moyo wa Gichovi ulicheza ngoma. Lakini Kobia alikwisha kusimama.

"Huu ni uonevu! Mimi nililala chini? Sikulala! Mkwe wangu, usinyamaze, watetee!"

Sasa hilo nalo halikukwepeka. Gichovi akajongea mbele ya meza, akatafuta maneno dhaifu kuliko yote aliyonayo.

"Mwalimu, haya mabawa... kwa kweli... yana rangi."

"Sema kwa nguvu!" alisema Kobia.

"Yana rangi, na hayaliwi na mende."

Mwalimu Stephen akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, na ubaya wake ulikuwa huo. "Kwa kuwa mzee mwenyewe ameshinda nayo na anayataka sana, labda kamati inaweza kufikiria tena. Tukilihamisha hema..."

"Hapana!" Gichovi alisema haraka mpaka watu wakageuka. Akashusha sauti. "Hapana, mwalimu. Sheria ni sheria. Sisi wazee tusipoitii, hawa kina Gitari wataiga nini?"

Kobia akamshika mkono, macho yamelowa. Hajaona, alisema, mtu aliyempigania mwenzake hadharani namna hiyo na kisha akashindwa kiungwana. Akamwomba mkwe wake asikae na huzuni moyoni, maana hata yeye imemuuma.

Gichovi aliinamisha kichwa ili uso wake usionekane, akasema atajitahidi kuvumilia.