Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mtindi wa nyumba ile ulikuwa na sifa mtaa mzima, na sifa yote ilikaa ndani ya chupa moja ya kioo iliyowekwa ndani kabisa ya friji. Hiyo ndiyo chupa ya chachu. Kila mtindi ulipoganda vizuri, vijiko vichache vilirudishwa humo kuwa mbegu ya mtindi unaofuata. Mama mkwe aliirithi kwa mama yake, na mgongo ulipoanza kumsumbua akamkabidhi mke wa mwanawe mdogo, ambaye watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mapacha wake wasiotulia.

Kazi yenyewe Mama Pacha aliijua kama kiganja chake. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, unakoroga chachu, unafunika sufuria, unalizungushia blanketi, unaliacha lilale. Asubuhi ukitikisa, mtindi umeshikana na unang'aa. Basi asubuhi moja akatikisa, maziwa yakacheza kama maji. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile.

"Mikono yako hiyo," mama mkwe akasema, amesimama mlangoni. "Chachu haipendi uchafu."

Mama Pacha akajiona amepigwa kofi. Uchafu! Yeye ambaye masufuria aliyasugua mpaka yakawa vioo, ambaye kitambaa cha kuchujia alikichemsha peke yake, hakikutana hata siku moja na nguo za watoto! Lakini mume wake, dereva wa lori, alikuwa safarini, na mke akianza kujibizana na mama mkwe mume hayupo, kesi inakuwa imeshaamuliwa. Akasugua tena kila kitu na maji ya moto mpaka vidole vikababuka, akatega maziwa upya. Hayakuganda.

Na yale yaliyogoma, je, yalimwagwa? Thubutu! Mama mkwe aliamuru yauzwe kama maziwa ya chai. Yakachukuliwa. Fundi cherehani wa jirani alibeba ya mama yake mgonjwa, na mapacha wakanywa yao asubuhi na jioni. Wateja wa mtindi waliambiwa, bila aibu, kwamba mkwe bado anajifunza usafi. Alipopita njiani wakawa wanamtazama mikono. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Wiki ijayo nitamwita binti wa dada yangu ashike jiko," mama mkwe akamalizia. "Na hiyo chachu uimwage, imeshakufa mikononi mwako."

Mama Pacha hakuimwaga. Alichota kijiko kimoja akaenda nacho kwa jirani mwenye ng'ombe mmoja, akaomba kikombe cha maziwa, akayatega hukohuko, kwa mikono yake hiyohiyo. Asubuhi mtindi ulikuwa umeshikana hata kijiko kinasimama. Kumbe chachu ilikuwa hai! Mikono nayo haikuwa na neno. Kilichobaki ni maziwa, na maziwa yalitoka kwa shemeji yake.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mumewe, alijiita Bosi, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wake hakuna aliyembishia. Bandani Mama Pacha hakumkuta. Alimkuta ng'ombe mweusi, yule mwenye maziwa mengi kuliko wote, kiwele kimevimba upande mmoja. Chini ya hori kulikuwa na mirija ya plastiki iliyotumika, ile ya kuingizia dawa kwenye chuchu. Namba ya daktari wa mifugo ilikuwa imeandikwa kwa chaki mlangoni. Akapiga, akamweleza alichokiona.

"Si nilimwambia maziwa ya yule ayamwage mpaka nirudi kumpima?" daktari akashangaa. "Mama, dawa ile inaua vijidudu. Haichagui kilichovimbisha kiwele na kinachokugandishia mtindi."

"Na mtoto akinywa? Tunayachemsha lakini."

"Kuchemsha hakuiondoi. Wapo watoto inawadhuru papo hapo. Na vijidudu vya tumboni vikiizoea hivyo kidogokidogo, siku mtoto anaugua kweli, unampa dawa na haimsaidii."

Akakata simu. Alitaka kuamini kwamba Bosi hakuelewa, kwamba ilimpita tu sikio la kushoto. Binadamu husahau. Akaenda nyumbani kwake kumuuliza kwa heshima. Hakumkuta. Pale jikoni, kwenye pipa la taka, aliona pakiti tupu za maziwa ya dukani, zimejaa hadi juu. Mtu mwenye zizi zima ananunua maziwa dukani!

"Siku hizi ananiletea hayo," mke wa Bosi akaeleza huku akicheka, mkono juu ya tumbo lake la ujauzito. "Ati ni mazuri kwa mama mjamzito. Shemeji yako ameanza kunidekeza."

Mama Pacha hakuweza kucheka. Kwa hiyo Bosi alijua. Alijua, akamkinga mke wake, halafu akawajazia ndoo watoto wa ndugu yake. Na lawama zilipomshukia mwingine akakaa pembeni akichokonoa meno.

Akamweleza mama mkwe yote, neno kwa neno. Mama mkwe akasikiliza, akashusha pumzi, kisha akamshika mkono, ule mkono mchafu, akaubembeleza.

"Mwanangu, mambo haya ni ya ndani. Watu wakisikia, zizi limekufa na jina letu limekwenda. Wewe wameshakusema, basi. Beba hili kidogo, litapita."

Beba! Kana kwamba ni kapu la vitunguu! Mama Pacha akautoa mkono wake taratibu. Maneno yaliyomjia hayakufaa kuambiwa mama mkwe.

Asubuhi wateja walijipanga ukumbini na vyombo vyao. Bosi alikuwa ameleta ndoo, amejiegemeza kwenye kiti, mkewe pembeni. Mama mkwe akakohoa kidogo.

"Mtatuwia radhi tena. Huyu mkwe wangu mikono yake—"

Mama Pacha akatoka jikoni na kikombe kikubwa cha maziwa ya ndoo ileile, yamechemshwa, yanafuka mvuke. Akampelekea Bosi kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Wewe ndiye mwenye mali, uwe wa kwanza kuonja."

"Nimeshiba," Bosi akajibu, macho dirishani.

"Hata funda moja?"

"Nimesema nimeshiba!"

"Jamani, chakula kinabembelezwa hivyo?" mkewe akasema akicheka. "Leta huku, mimi na mwenzangu wa tumboni hatujashiba." Akakipokea kikombe, akakipuliza, akakipeleka mdomoni.

Bosi aliruka. Alikipiga kikombe kile kwa nguvu hata kikaenda kugonga ukuta, maziwa yakatapakaa sakafuni mpaka miguuni mwa wateja.

Mke wa Bosi alitazama gauni lake lililolowa, akamtazama mumewe, akaonekana kukumbuka zile pakiti moja moja.

"Kwa nini nisinywe?" akauliza.

Mama mkwe akainama haraka na tambara, mgongo ukimuuma, akaanza kufuta.

"Acha, mama," Mama Pacha akasema. "Leo shemeji atafuta mwenyewe."

Fundi cherehani alikuwa bado ameshika chombo chake cha maziwa ya mama yake. Akakifunga kifuniko polepole, akasogea mpaka mbele ya Bosi.

"Mkeo umemnyang'anya," akasema. "Mama yangu je?"