Cherehani Kwenye Wimbo wa Kaka

Kaka yangu alikuwa akirekodi mistari yake ya rap ndani ya kabati la nguo, kwa simu, huku Mama akishona chumba cha pili. Wiki tatu baada ya kumzika, rafiki yake aliyekuwa akimtengenezea midundo alituletea wimbo wa mwisho tuusikilize kabla hajaupandisha mtandaoni.

Mama alisikiliza, uso ukamshuka, akamgeukia rafiki yule. "Mwanangu, mlio wa cherehani yangu umemharibia kazi. Huwezi kuutoa?"

"Naweza, Mama, ila alinikataza. Nilimtengenezea mdundo, akaufuta. Alikuwa anasubiri ushone pindo refu la pazia, ndipo anaanza kuchana mistari."

"Kumbe ndiyo maana kila siku ananiuliza, 'Mama, leo kuna mapazia?'" Mama akasema. "Nami nikadhani anataka kunisaidia. Mvivu yule."

Tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Wimbo ulipandishwa kama alivyouacha. Kesho yake nilimsomea Mama maoni ya wasikilizaji. Mmoja alitaka kujua ni nani aliyepiga mdundo ule.

Mama alikaa wima kwenye kiti. "Mjibu ni mama yake. Na jina la mwanangu liandike vizuri."