Gari la Jumapili

Kartar Singh alikuwa na gari lisilokuwa na kazi. Gereji alikwenda kwa baiskeli, kilemba kimefungwa vizuri, na lile gari lake jeusi la Austin likabaki chini ya bati likingoja Jumapili, liipeleke familia hekaluni, mwendo ambao hata mtoto angeutembea bila kunung'unika. Watu wa Kisumu walimcheka. Wakoli, fundi wake mkuu, hakumcheka hata siku moja, maana yeye ndiye aliyelifahamu gari lile kuliko mwenyewe.

Walijuana tangu Kartar akiwa fundi wa karakana ya reli na Wakoli kibarua wake wa kushika taa, ametoka Kimilili juzi tu, spana haijui. Kartar alipofungua gereji yake mwaka 1940 alimchukua. Asubuhi ya kwanza Wakoli alimwita Bwana, na Kartar akamkatalia. Alisema mabwana wako Nairobi, hapa kuna mafundi wawili, kwa hiyo amwite Kartar, basi. Siku zile Mwafrika kumwita Mhindi kwa jina lake mbele za watu lilikuwa jambo la kugeuza shingo, na shingo za watu ziligeuka kweli. Wakoli alilizoea jina hilo, akalipenda.

Mwaka 1953 baba yake Kartar akaugua huko Punjab, na Kartar akafunga safari ya mwaka mzima na familia yake yote. Gereji alimwachia Wakoli. Ufunguo wa Austin alimpa mkononi, wa mwisho, wakiwa wamesimama stesheni. Alimwambia alitunze gari kama ambavyo yeye mwenyewe angelitunza. Akaongeza kwamba akirudi bodi ya juu ya geti itapakwa rangi upya, na safari hii itakuwa na majina mawili, lake na la Wakoli.

Namna ya kulitunza gari linalolala, Kartar mwenyewe ndiye aliyemfundisha, zamani na kwa ukali. Gari la kazi sevisi yake huhesabiwa kwa maili, la kulala huhesabiwa kwa miezi. Kila miezi mitatu umwage oili, hata kama gari halijapita geti, kwa sababu oili huzeeka ikikaa. Na kila wiki mbili ulitoe barabarani, ulikimbize nusu saa au zaidi, mpaka injini ipate moto sawasawa. Ukiliwasha dakika tano ukalizima umeliharibu, ndani linatoa jasho, maji yanaingia kwenye oili na bomba la moshi linaoza. Mjinga huwasha na kuzima, Kartar alikuwa akisema, halafu anashangaa gari limekufaje na halijatembea.

Basi kila Jumamosi ya pili Wakoli alilitoa. Alikwenda Ahero, maili kumi na tano, akageuza, akarudi. Wakati wa masika, maji yalipoifunika barabara hiyo kwenye uwanda wa Kano, alishika njia ya Maseno badala yake, mwendo ule ule. Akirudi alifuta matope, akapima upepo wa matairi, akasukuma gari kidogo lisikanyage mahali palepale, kisha akaandika tarehe kwenye kadi aliyoitundika ukutani. Nabwire, mkewe, alilalamika. Nyumba yao ya Manyatta inavuja, naye Jumamosi nzima anasugua gari la watu. Wakoli alimwambia avumilie kidogo, angoje bodi.

Safari ya kwanza alikwenda peke yake. Safari ya pili Amolo, askari wa gereji, alimwomba lifti. Mama yake alikuwa mgonjwa Ahero na basi lilimsumbua. Wakoli alifurahi, maana barabara ile ni ndefu kwa mtu aliye peke yake. Tangu hapo Amolo hakukosa, akaenda hata zile za Maseno, amekaa mbele ndani ya kabuti lake la vita, akisimulia habari za Burma ambazo kila mara zilikuwa na Wajapani zaidi. Kule Ahero mama yule alijikongoja mpaka jikoni, akawapa kuon, ugali wa kwao, na samaki ngege wa kukaanga, na Wakoli naye mama huyo akamwita wuoda, mwanangu. Walikula sahani moja, yeye na Amolo, mwaka mzima.

Kartar alirudi mwezi wa nane. Alimkumbatia Wakoli getini, akampa shali ya Nabwire, akamwambia aliwashe gari, na likaitika mara moja. Wakoli alikwenda nyumbani siku hiyo akitembea kama bwana harusi.

Kesho yake akaitwa ofisini. Kartar hakumwambia akae.

"Mimi kabla ya kuenda niliandika ile saa ya maili," alisema polepole. "Sasa imeongeza mia saba na themanini. Sisemi kitu. Nataka wewe useme."

Wakoli alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona anacheka peke yake alieleza. Ni Ahero, na Maseno wakati wa masika, mara ishirini na sita, kila wiki mbili, kama alivyofundishwa. Alikwenda akaileta kadi. Kartar hakuitazama. Alisema kadi huandikwa na mwenye kalamu. Kisha akavuta droo, akatoa daftari la shule na kumsogezea.

Mwandiko ule Wakoli aliujua. *Jumamosi. Gari imetoka saa tatu, imerudi saa sita. Wakoli na abiria moja.* Akafunua ukurasa. *Wakoli na abiria moja.* Tangu safari ya pili, tarehe baada ya tarehe, hakuna iliyorukwa.

"Abiria," Kartar alisema. "Umefanya gari yangu teksi."

"Ulimwambia lini Amolo aandike?"

Kartar alisema si kwa ubaya, mtu akisafiri mbali ana wasiwasi, hata ndugu wa damu hupimwa. Wakoli akamuuliza tena, lini. Kartar akachezea kalamu. Ilikuwa wiki ile ya kuondoka, akasema.

Wiki ile ile ya ufunguo. Wakoli akalifunga daftari. Hakuna tusi alilopata kutukanwa mjini humo, na alitukanwa mengi, lililomuuma hivyo. Mkono mmoja ulimpa ufunguo na mwingine ukamwekea jicho, na jicho lenyewe lilikuwa la mtu aliyekula naye sahani moja.

Aliomba Amolo aitwe. Amolo akaja na kabuti lake, akaona daftari mezani, akaivua kofia.

"Amolo," Wakoli akasema, "abiria alikuwa nani?"

Amolo alitazama sakafu. Alisema aliambiwa aandike gari ikitoka na watu, hakuambiwa aandike majina.

"Alikuwa nani?"

"Mimi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mimi ni askari ya geti, Wakoli. Ningeandika nimeacha geti, kazi ingeisha."

Halafu Kartar akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo, akamfukuza Amolo kwa mkono, akazunguka meza na kumshika Wakoli bega. Alisema yote yamekwisha, hakuna kilichoharibika, fundi wa rangi anakuja kesho hiyo hiyo na majina yatakuwa mawili kama alivyoahidi. Na Jumamosi watatoka wote wawili na gari, waende huko Ahero.

"Unasikia, ndugu yangu?"

Wakoli alisikia. Ndilo neno alilolingoja mwaka mzima, na sasa lilipokuja halikuwa na ladha, akawa anatamani lingewahi siku moja tu, lije jana, kabla ya daftari. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya daftari. Alieleza kwamba oili inatakiwa kumwagwa Jumamosi hii, miezi mitatu imetimia, na tairi la nyuma kushoto linapoteza upepo kidogo.

Kartar aliutazama ufunguo, kisha akamtazama yeye.

"Lakini kesho utakuja kazini?"

"Ndiyo, Bwana," akasema Wakoli.