Mama na Wanyonya Damu

Nilimkuta mama ameficha mikono yote miwili chini ya mto, na kichwa amekilaza juu yake kuilinda. Wauguzi watatu walikuwa wameshindwa kumchoma sindano tangu asubuhi. Daktari alinieleza pale mlangoni bila kupindisha maneno: mama ameishiwa damu, ya kumwongezea ipo, lakini haitatolewa kabla ya kupima yake na kuilinganisha. Akikaa hivi hadi kesho, yeye daktari hamwahidi mtu lolote.

Sasa nikuambie aibu yangu. Kazi yangu ni kutoa watu damu. Miaka kumi na tisa nimeifanya katika hospitali hiyohiyo, na miaka yote hiyo mama anajua nahesabu vidonge stoo. Ningemwambiaje? Kaka yake alitumwa kiberiti akiwa na miaka kumi na sita, hakuonekana tena. Mtaa mzima ukasema kachukuliwa na mumiani, wale watu wanaoteka wenzao na kuwanyonya damu, na kwamba huvaa makoti meupe. Nimekua nikiambiwa nikiona koti jeupe nitimue mbio. Nikaja kulivaa. Uongo wangu ulikuwa mdogo siku ya kwanza, ukaota mizizi.

Na mama mwenyewe, usimwone hivi, ana vituko. Kila Jumamosi mchana yeye na binti yangu hukaa mbele ya televisheni kutazama filamu za wanyonya damu, wale wa majoho meusi na meno marefu. Mjukuu anajifunika uso, bibi anatafuna karanga wala hapepesi macho. Mwoga wa sindano, shabiki wa meno. Sikuwahi kumwelewa.

Nilikwenda maabara, nikachukua trei yangu, nikaingia wodini na koti langu mwilini. Mama alinitazama kuanzia kola hadi pindo, kisha akaitazama trei.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mjukuu wako hajazaliwa, mama."

Akageukia ukutani. Nikakaa kitandani nikamwomba radhi, nikalia pia, maana kuna mambo hayana utaalamu. Nilimweleza kwamba ni vichupa viwili vidogo, basi. Nilipoishiwa maneno ya kazi, nikamuuliza lile lililonitatiza siku zote: mbona zile filamu anaziweza?

"Katika zile filamu," alisema, bado anatazama ukuta, "wanaochukuliwa hurudi. Wamepauka, meno yameharibika, lakini wanakuja kugonga dirishani kwa ndugu zao. Mwanao anaogopa pale. Mimi ndipo ninapopapenda."

Nilimpapasa mgongo, nikihesabu Jumamosi zote nilizopita nyuma ya kochi lao nikiwacheka. Baada ya muda mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya mto, ukalala juu ya shuka.

Kanuni yetu haina undugu: kabla ya kuchomwa, mgonjwa ataje jina lake kamili, hata akiwa ndiye aliyekuzaa. Nikamuuliza. Akanitazama kama nimerukwa na akili, halafu akalitaja, lake na la baba yake na la babu yake, polepole. Nikamfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Nimechoma maelfu ya watu, lakini siku ile niliogopa kama mwanafunzi. Sindano ilipoingia hakushtuka. Alitaka kujua mbona haiumi, nikamjibu kwamba ndiyo kazi yangu.

"Mh," akasema. "Vidonge."

Vichupa vikajaa. Nikaandika jina lake kwenye vyote viwili mbele ya macho yake, nikambandika pamba. Akauliza damu yake inakwenda wapi. Nikamwonyesha mlango wa kijani mwisho wa korido, nikamwambia naipima mimi mwenyewe, kisha nitakuja na mfuko wa damu ya kumwongezea.

Akalikamata pindo la koti langu. Vidole vyake vilikuwa baridi, na hakuliachia mara moja.

"Haya, nenda," alisema. "Lakini urudi."

Kanuni nyingine inatukataza kukimbia na vichupa. Nilikimbia.