Mtoto Aliyemngoja Shangazi Laurentine

Shangazi yangu Laurentine alipigwa picha ya tumbo hapa Kolwezi akiwa mzee wa nywele nyeupe, kwa sababu choo kilikataa kutoka. Daktari akatuonyesha mtoto. Alikuwa mtoto kamili, kichwa na magoti, aliyekulia nje ya mfuko wa uzazi, akafia humo tumboni, na mwili wa shangazi ukamfunika chokaa mpaka akawa jiwe.

Shangazi aliuliza kitu kimoja tu, kama ni wa miezi tisa. Daktari akasema ndiyo, au karibu.

Niacheni niseme, maana nina hasira. Kwetu sisi watu wa Kasai, mwanamke akishindwa kuzaa, wanawake wa ukoo wa mume humzunguka wakimtaka ataje mwanamume wa nje aliyelala naye, ndipo mtoto atoke. Ndivyo walivyomfanyia shangazi ujanani, kule Kapata, pembeni mwa Kolwezi. Hakuwa na wa kumtaja. Uchungu ulipomshinda, akamtaja Modeste, fundi wa baiskeli aliyeimba naye kanisani, ili tu wamwache. Mtoto hakutoka. Uchungu ukakoma wenyewe, tumbo likanywea, wakasema amemla mtoto kwa uchawi. Mumewe, tata Tshibangu kama tulivyomwita kwa heshima, akamtupia nguo nje. Modeste walimpiga, akahamia Kasaji, akafia huko na sifa ya uzinzi.

Habari ya picha ilifika Kapata upesi. Tshibangu akaja hospitalini na koti lake la kanisani, analia. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Wapi! Alitaka shangazi apasuliwe, yeye apewe mtoto, akamzike kwa jina lake.

"Ni damu yangu, mama," alimwambia shangazi. "Sasa njo nimejua."

"Enda kwanza Kasaji, ku batoto ba Modeste," shangazi akamwambia. "Ubaambie baba yabo hakufanyaka kitu. Ubaambie ni mi na we tulimuharibiaka jina. Ukirudi, nitakubali banipasule."

Tshibangu akafuta macho. Akasema barabara ya Kasaji ni mbaya wakati huu wa mvua, na magoti yake yanamuuma. Kisha akauliza kama angalau angepewa ile picha.

Shangazi akaniomba nguo zake. Daktari akatuonya kwamba dawa imefungua choo kwa sasa tu, na tumbo likiziba tena atakufa. Shangazi akamjibu kwamba amesikia.

"Nikikufa, mutuzike pamoja," akaniambia tukitoka. "Mutoto atakuwa na jina yangu."