Shingo Safi ya Adey

Jumanne asubuhi, mwezi wa saba mwaka 1996, Mwenda alikuwa amekaa katika kibanda chake cha picha mtaani Iftin, mjini Garissa, akichonga penseli kwa wembe. Penseli ya kusafishia picha huchongwa mpaka ncha yake iwe ndefu kama sindano, na mtu makini hutumia dakika kumi. Alipomaliza alilowesha brashi kwa ulimi, akafumba macho na kuomba kama alivyoomba kabla ya kila kazi: Bwana, uongoze mkono wangu, na kazi hii isimdhuru mtu. Kisha akafungua bahasha iliyofika na basi la Nairobi.

Ndani mlikuwa na picha aliyoipiga mwenyewe wiki tatu nyuma, sasa imekuzwa kufikia ukubwa wa jalada, pamoja na barua ya Bi. Abigael, mhariri wa jarida la Sura ya Nyika. Picha ilimwonyesha Ramlo, mjane anayeuza maziwa, amesimama kando ya ngamia wake jike aitwaye Adey. Nyuma yao palionekana ua wa soko la mifugo.

"Tumeichagua iwe jalada," mhariri aliandika. "Kuna mambo mawili tu. Ngamia ana makovu shingoni, na wasomaji watadhani tunashabikia utesaji wa wanyama. Yaondoe. Pili, huyu mama anaitazama kamera kana kwamba imemwibia. Mlegeze macho, na ukiweza mpe tabasamu kidogo."

Mwenda alikuwa ameishi Garissa miaka miwili. Kwao Meru hakukuwa na ngamia, lakini sokoni alikuwa ameona alama za namna hiyo kwenye shingo za wanyama wengi, na alijua si majeraha. Mistari miwili iliyonyooka na duara chini yake haichorwi na mwiba. Hata hivyo barua ilikuwa na muhuri wa ofisi, na mtu aliyerudi darasani jioni kusomea usafishaji wa picha akiwa na miaka thelathini na tano huiheshimu sana karatasi yenye muhuri. Akaanza kazi.

Vitu ambavyo Mwenda aliviondoa kwenye picha havikupotea. Viliwatoka wenye picha, vikamhamia yeye. Kiwiko chake kilikuwa na chunjua ya mwalimu mkuu mmoja, mgongo wake ulikuwa na chunusi za mabibi harusi wawili, na juu ya nyusi alikuwa na kovu la karani wa wilaya. Mkewe Kagendo, ambaye alikuwa muuguzi, alivipaka dawa mwanzoni, kisha akaacha. Wenyewe hawakuwahi kulalamika, kwa kuwa hakuna mtu anayerudi kuulizia chunjua.

Kufikia saa sita mchana shingo ya ngamia ilikuwa safi. Mwenda alihisi joto chini ya sikio la kushoto, na kibandani pakanuka manyoya yaliyoungua. Alifungua dirisha akaendelea. Alififisha mkunjo uliokuwa kati ya nyusi za Ramlo, akaweka nukta nyeupe ndogo katika kila jicho, akainua pembe za mdomo. Pembe ya kushoto ilipanda zaidi ya ya kulia, lakini basi la saa tisa lilikuwa karibu kuondoka, akaiacha hivyo.

Alimkabidhi kondakta bahasha. Alipogeuka kurudi nyumbani, alishuku kwamba kondakta ameifungua. Alirudi kuangalia. Ilikuwa imefungwa. Akashuku kwamba imefungwa tena.

Nyumbani Kagendo alimtazama shingo.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya ngamia."

"Angalau ina umbo," alisema Kagendo, akampakulia githeri.

Mwenda aliitazama sahani kwa muda. "Mbona leo umetia mafuta mengi?"

"Kwa sababu yalikuwepo."

Alilipima jibu hilo, hakuliona kosa lake, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Wakati wa kuombea chakula alifungua jicho moja kuona kama mkewe amefumba.

"Nimekuona," alisema Kagendo.

"Umenionaje kama ulikuwa umefumba?"

Kagendo alisema amina, akaanza kula.

Tangu mumewe Alio afariki, Ramlo alikuwa hana mali nyingine ila Adey, na maziwa ya Adey ndiyo yaliyowalisha watoto wake watatu. Watu wanne walikuwa wamejaribu kumchukua ngamia huyo. Mmoja alikuja na karatasi, wa pili na mashahidi, wa tatu na posa. Wa nne alikuwa dalali Gelle, aliyekuja na huruma. Ramlo alimtazama kila mmoja wao mpaka akakumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Hakuwa na ndugu wa kiume wala silaha. Alikuwa na jicho lile, na chapa ya Alio kwenye shingo ya mnyama.

Jumatano ni siku ya soko. Ramlo alimleta Adey kama kawaida, maana wateja wa maziwa walitaka kuona yanakamuliwa mbele yao. Langoni alikaa Awil, mdhamini wa soko, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma chapa za wanyama ili wa wizi wasipite. Awil alipitisha vidole kwenye shingo ya Adey, akavipitisha tena.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Jana asubuhi ilikuwepo," alisema Ramlo. Alikuwa anatabasamu, upande wa kushoto zaidi.

"Mimi najua huyu ni Adey. Hata yeye anajua mimi ni Awil. Lakini sikuwekwa hapa kwa kujua, niliwekwa kusoma." Alijifuta vidole kwenye kikoi. "Bila chapa anazuiliwa mpaka siku tatu za soko zipite. Kama mwenyewe hajaonekana, atakayemwekea chapa ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Najua. Naandika hajaonekana."

Gelle alikuwa amesimama karibu, kirungu chake kwapani. "Abayo, dada yangu," alisema, "hapa jua kali sana. Wacha mimi naweka yeye kwa boma yangu, anakula, anakunywa, mpaka hii maneno inaisha."

Mwaka uliopita maneno kama hayo yalimfanya Ramlo amtazame Gelle mpaka dalali akasahau alichokuja kuuza. Safari hii alimtazama kwa macho yenye nukta nyeupe.

"Haye, sawa," alisema. "Allah akulipe."

Akampa kamba, na Awil hakukataa, maana boma lolote lilitosha kumzuilia. Gelle alikuwa amejiandaa na hoja nyingine tatu, na akaondoka nazo bila kuzitumia. Alitembea haraka, akigeuka nyuma kila hatua chache, maana alihofia ni mtego.

Ng'ambo ya barabara Mwenda alikuwa akimpiga mteja picha ya kitambulisho. Aliona yote. Aliona Gelle akibadilisha mkono ulioshika kamba, akikwepa kumtazama mnyama usoni, na akipita njia ya kwenda kwa mhunzi, siyo ya kwenda bomani. Alimwacha mteja kwenye kiti akakimbia.

"Mama Ramlo, mrudishe ngamia wako. Yule mtu anampeleka kwa mhunzi, anatafuta chuma cha chapa."

"Gelle ni mtu mzuri."

"Jana ungesema hivyo?"

Ramlo alifikiri. "Jana nilikuwa nashuku yeye. Leo natafuta sababu, siioni."

"Huioni kwa sababu ninayo mimi. Niliitoa kwenye picha." Akavuta ukosi wa shati. "Hii nayo niliitoa."

Ramlo aligusa shingo ya Mwenda kwa kidole kimoja. "Ni ya Alio. Duara yake inaegemea. Mkono wake ulitetemeka siku ile, ngamia ilikuwa inapiga teke."

"Nisamehe, mama."

"Hakuna shida, fundi."

Mwenda angependa Ramlo amlaani. Alisubiri kidogo, laana haikuja, akamshika mkono wakaenda kwa Awil. Awil alimkalisha fundi juu ya debe, akamgeuza kichwa, akasoma. Watu wakakusanyika.

"Chapa ni halali," alisema Awil. "Ya zamani, kama miaka saba. Ni ya nyumba ya Alio. Wewe ni wa Ramlo."

"Na ngamia?"

"Ngamia hana chapa."

"Lakini mimi nashuhudia kwamba chapa hii ni yake. Nitaapa kwa Biblia."

"Anayeshuhudia ni mtu," alisema Awil kwa upole. "Wewe umepigwa chapa."

"Huyu anakamuliwa?" mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Muulize mama watoto," mwingine alijibu, na watu wakacheka, wakarudi kwenye shughuli zao. Awil aliandika jina la Mwenda katika daftari la soko, chini ya jina la Ramlo, jinsia dume.

Siku iliyofuata Mwenda alipiga simu Nairobi kutoka posta. Bi. Abigael alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia jalada liko mitamboni na limetoka vizuri kuliko yote ya mwaka huo. Mwenda alirudi kibandani, akachukua nakala yake ya picha, akaomba, na kuchora chapa upya juu ya shingo ya Adey. Rangi ilikauka ikabaki rangi. Somo la kurudisha kilichoondolewa lilikuwa la muhula wa tatu, na darasa lao la jioni lilifungwa mwisho wa muhula wa pili.

Soko la tatu lilipopita Gelle alimleta Adey langoni. Shingoni alikuwa na chapa ya Gelle, ndoana moja, bado ina maji maji. Awil aliigusa pembeni.

"Mbichi," alisema, "lakini inasomeka."

Adey alipandishwa kwenye lori. Ramlo alisimama kando ya lango, akampongeza Gelle kwa chapa nzuri, na lori lilipoondoka akapunga mkono. Mwenda, aliyekuwa nyuma yake, alimkazia Gelle jicho mpaka dalali akaangusha kirungu chake. Lakini jicho hilo lilikuwa limechelewa soko tatu.

Jarida lilifika mwezi wa tisa. Juu ya jalada paliandikwa *Nyika Yatabasamu*. Ofisi kadhaa za serikali zililibandika ukutani. Ramlo naye alilibandika kwenye kibanda alichofungua cha chai ya maziwa ya unga, ambako mtu yeyote aliyesema atalipa kesho aliaminiwa. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameacha shule.

Kila Jumatano Ramlo alipita studio. Alimgusa Mwenda shingoni kuona kama chapa haijafanya usaha, akauliza kama amekula, kisha akaenda. Mwenda alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona, aone ni nani anayetembea karibu naye.

Jumatano moja alimkuta na bahasha mpya mezani. Ilikuwa picha ya wanawake watano kwenye kisima kikavu cha Lafey. "Jalada lililopita lilipendwa sana," mhariri aliandika. "Hawa wanaonekana wana kiu mno. Ipunguze."

Mwenda alimshuku mhariri, akaishuku barua, akaushuku hata muhuri. Aliugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa muhuri halali.

"Mama Ramlo," alisema, "wewe ungekuwa ni mimi, ungeifanya?"

Ramlo aliitazama picha kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba alimowahi kuishi.

"Watu wa Nairobi wanajua," alisema. Akatabasamu, upande wa kushoto zaidi, na kwenda zake.

Mwenda alijaza maji kwenye dumu la lita ishirini, akaliweka karibu na kiti. Alichonga penseli kwa dakika kumi. Alilowesha brashi. Kisha akaomba maneno yale yale ya siku zote, ila safari hii hakufumba macho. Aliyakazia kwenye mkono wake wa kulia mpaka amina.